Ufundi wa ndege na urubani kwa mpigo: inawezekana, ila piga hesabu kwanza

Tangu nimalize kidato cha sita, washkaji niliosoma nao PCM wananiuliza swali lile lile: eti mtu anaweza kusomea ufundi wa ndege huku anajifunza kurusha? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu limemgharimu mzee mmoja kiwanja, ndiyo maana nimeamua kuliandika hapa.

Mzee mwenyewe ni baba mkubwa wangu. Mwanaye, yaani kaka yangu, alikuwa mwaka wa kwanza wa ufundi. Akamwambia, "Baba, nikisubiri nimalize chuo nitazeeka." Kiwanja kikauzwa, kaka akaanza kuruka kila Jumamosi. Jumamosi hii mvua, ijayo ndege iko matengenezo, inayofuata ana mtihani chuoni. Miezi saba ikaisha ana saa 14 tu. Na kila akikaa wiki tatu bila kuruka, mwalimu anamrudisha kwenye kutua, kitu alichokwisha kukijua na kukilipia. Hela ikakata kabla hajaruka peke yake hata mara moja.

Kaka hakuwa mvivu. Tatizo lilikuwa ratiba. Hebu tuangalie kila upande unadai nini.

Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa (ICAO) ndilo linaloweka viwango vya chini, na mamlaka za nchi zinaweza kudai zaidi. Leseni ya rubani binafsi inataka umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 kama umefuata kozi iliyoidhinishwa. Humo lazima ziwemo saa 10 za kuruka peke yako. Leseni ya rubani wa biashara, ile ya kukupa mshahara, inataka miaka 18 na saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya fundi nayo inataka miaka 18, pamoja na uzoefu wa miaka minne kwenye ndege, au miwili kama umemaliza kozi iliyoidhinishwa.

Umeona tofauti? Rubani anahesabiwa saa, fundi anahesabiwa miaka. Ile miaka ya fundi huwezi kuibana hata uwe na hela kiasi gani. Zile saa unaweza kuzibana ukiwa na hela na nafasi. Kwa hiyo ratiba inajengwa kwenye ufundi kwanza, halafu kuruka kunachomekwa pale palipo na upenyo.

Tupige hesabu. Ukiruka saa moja kila Jumamosi, saa 40 ni wiki 40, na hapo nimejifanya hakuna masika wala vuli. Saa 200 kwa mwendo huo ni karibu miaka minne. Lakini ukitumia likizo ndefu ukaruka saa tano kwa wiki, saa 40 zinaisha ndani ya wiki nane. Isitoshe, mikono haipati muda wa kusahau, kwa hiyo hulipii somo moja mara mbili. Kurusha ndege ni kama baiskeli siku za mwanzo kabisa: ukiacha wiki tatu unaanza tena kuyumba. Tofauti ni kwamba hapa kila kuyumba kunalipiwa.

Basi muhula ufanye nini? Soma nadharia. Hapa mwanafunzi wa ufundi ana bahati. Injini, propela, umeme, nguvu zinazoinua bawa, uzito na mizania ya ndege, hayo yote unayapata darasani kwako na rubani naye anatahiniwa. Yanayobaki ya kujisomea usiku ni hali ya hewa, uongozaji wa safari, sheria za anga na mazungumzo ya redio. Ukifika likizo na nadharia kichwani, kila dakika ya angani inakuwa ya kuruka kweli.

Chagua pia mahali na msimu. Washkaji wengi wanakwenda Nairobi, uwanja wa Wilson, ambao una shule za urubani miaka mingi. Uwanja ule uko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na jua likipanda ndege ndogo inanyanyuka kwa shida kuliko hapa Dar. Mwezi wa saba asubuhi mawingu hushuka chini sana. Ukipanga likizo yako angalia na hilo.

Sasa mambo mawili ambayo watu wanayapuuza. La kwanza ni afya. Kabla hujalipa senti, kapime daraja la kwanza la afya ya marubani, ambalo ndilo la rubani wa biashara. Macho, masikio, moyo, na kutambua rangi. Fundi hadaiwi cheti hicho na ICAO, kwa hiyo unaweza kuwa fundi mzuri miaka mitatu bila kujua kwamba urubani wa kazi haukuwa wako.

La pili ni uchovu. Ukitoka karakana usiku, usiende kuruka alfajiri. Na ukitoka kuruka umechoka, usishike bolti za ndege ya watu. Ndege haijali kwamba ulikuwa unasaka leseni mbili. Halafu kumbuka, mwanafunzi hafungui wala kufunga kitu bila msimamizi mwenye leseni, na anayetia saini ndege irudi kazini ni huyo msimamizi, siyo wewe.

Kama unadhani hii ni ndoto ya siku hizi, soma habari za Cornelius Coffey wa Chicago. Alikuwa fundi wa magari. Yeye na mwenzake John Robinson walikataliwa shule ya ufundi wa ndege kwa sababu ya weusi wao, mpaka mwajiri wao akatishia kuishtaki shule. Wakamaliza mwaka 1931. Coffey akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kushika leseni zote mbili, ya rubani na ya fundi. Robinson mwaka 1935 alikwenda Ethiopia, akaongoza jeshi la anga la Haile Selassie wakati wa uvamizi wa Waitalia. Wote wawili walianza na spana.

Na kaka yangu? Bado yuko chuoni, safari hii anaweka akiba ya likizo moja ndefu. Baba mkubwa hajawahi kumsema kuhusu kiwanja, ila kaka mwenyewe akipita njia ile anageuza uso. Mimi nimeshaamua: ufundi kwanza, cheti cha afya mapema, kuruka wakati wa likizo tu, na hela ikiwa mkononi yote.

Nawasilisha. Waliopitia njia hii watuongezee.