Je, Wajua? Dhahabu Inayotoka Ndani ya Maji

Maryland nayo imewahi kuchimba dhahabu

Ndugu msomaji wa Upper Marlboro, ukivuka Washington hadi upande wa pili, penye maporomoko ya Great Falls ya mto Potomac, utakuta mabaki ya mgodi wa dhahabu. Inasimuliwa kwamba askari mmoja aliiona dhahabu hiyo mwaka 1861 akisuuza vyombo kijitoni. Mgodi wa Maryland ulianza 1867, ukafa na kufufuka mara kadhaa, ukafungwa 1939. Jimbo zima limetoa wakia zipatazo 5,000, kiasi ambacho mgodi wa Geita, Tanzania, huweza kukipata kabla wiki haijaisha.

Mlima wa mawe humwagiliwa kama shamba

Siku hizi hata mwamba wenye dhahabu chini ya gramu 1 kwa tani unaweza kulipa. Unavunjwavunjwa, unarundikwa juu ya tandiko zito la plastiki, kisha unatandaziwa mipira ya umwagiliaji wa matone, ileile ya wakulima wa nyanya. Kinachodondoka ni maji yenye sayanaidi, mara nyingi chini ya nusu gramu kwa lita. Yanapenya lundo kwa wiki nyingi na kutokea chini yakiwa yamebeba dhahabu iliyoyeyuka, nawe ukiyatazama huoni hata chembe ya njano! Kemia hiyo ilibuniwa Glasgow na kupewa hataza mwaka 1887, lakini njia ya malundo ni changa: mgodi wa Cortez, Nevada, ulianza nayo 1969.

Dhahabu huhitaji hewa ili iyeyuke, na kukosa hewa ili irudi

Sayanaidi peke yake haiwezi kitu. Bila oksijeni dhahabu haiyeyuki. Lakini mgodi unaotumia unga wa zinki kuirudisha hulazimika kwanza kuyafyonza maji hewa yote, maana oksijeni ileile iliyosaidia sasa inaharibu kazi.

Vifuu vya nazi hukamata dhahabu

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Njia nyingine ya kuitoa dhahabu majini ni kaboni, na kaboni inayopendwa migodini hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, kwa kuwa ni vigumu na havimeguki ovyo. Kifuu kikichomwa kwa ustadi hujaa vitundu visivyohesabika: gramu moja ina uso wa ndani wa takriban mita za mraba 1,000, zaidi ya viwanja viwili vya mpira wa kikapu. Dhahabu hung'ang'ania humo. Baadaye huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali, ikanaswa kwa umeme, na kaboni ikachomwa tena ili irudi kazini. Wachenjuaji wadogo wa Kanda ya Ziwa wanaorudia mchanga wa marudio wanaijua vizuri kaboni hii.

Chokaa ndiyo mlinzi

Maji yenye sayanaidi yakiwa na uasidi, sayanaidi hugeuka gesi ya kuua. Chokaa ya kawaida huzuia hilo.

Kuna bakteria wanaokula sayanaidi

Muhogo mchungu una sumu ya ukoo huohuo, na bibi zetu huitoa kwa kuloweka na kuvundika. Migodini nako, mwaka 1984 mgodi wa Homestake, South Dakota, uliwapa bakteria kazi ya kusafisha maji yake kabla ya kuyaachilia kwenye kijito cha Whitewood. Viumbe wasioonekana kwa macho, wakila sumu usiku na mchana!

Theluji inaweza kuufilisi mgodi

Summitville, Colorado, kwenye mwinuko wa mita 3,500 hivi, lundo lilianza kunyweshwa 1986 na tandiko likavuja. Theluji na mvua zikazidi kuongeza maji yenye sumu kuliko mtambo ulivyoweza kuyasafisha. Desemba 1992 kampuni ilifilisika ikaondoka, na mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ikalazimika kuingia kwa dharura ili lundo lisije likafurika. Gharama ya usafi ilipita dola milioni 150, nyingi zikiwa fedha za umma. Kwa maoni yangu, anayetaka kuujua mgodi aanze kuuliza maji yake yanakwenda wapi.

Msimamizi wa sayanaidi ya dunia yupo jirani

Januari 2000 bwawa la mgodi lilipasuka Baia Mare, Romania, yakamwagika maji yenye sayanaidi yapatayo mita za ujazo 100,000, na samaki wakafa hadi mto Tisza nchini Hungary. Ajali hiyo ilizaa kanuni za kimataifa za sayanaidi, na taasisi inayozisimamia ina makao yake Washington, mwendo mfupi kutoka Upper Marlboro. Muhtasari wa ukaguzi wa migodi iliyojiunga huwekwa wazi kwa yeyote. Kama kwenu kunapakana na mgodi mkubwa, tafuta jina lake humo, usome, kisha uwapigie simu nyumbani uwaeleze ulichokiona.