Jina la Mzazi Mdomoni mwa Mtoto

Siku moja, katika afisi moja ya kutolea huduma kwa wananchi, alikuwapo bwana mmoja mwenye mvi za kutosha, amevaa kanzu na kofia yake ya viua. Alifuatana na mwanawe wa kiume, kitinda mimba wake, mtoto wa miaka sita hivi. Watu walikuwa wengi na viti vilikuwa vichache. Karani, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mtoto wa kwanza wa bwana yule, alishika karatasi yake na kuita jina. Bwana yule hakusikia. Karani akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, jina tupu, bila ya "mzee" wala "bwana" wala "sheikh". Alipoita mara ya tatu, mtoto alimvuta baba yake kanzu, akamtaja kwa jina lile lile na kwa sauti ile ile ya karani, akamwambia: "Inuka, unaitwa!"

Waliokuwapo walishituka. Bibi mmoja alitia mkono kinywani. Mwengine akamgeukia baba na kumwambia kwamba mtoto huyo ataharibika asipotiwa adabu mapema. Mtoto akajikunyata, asijue alilokosa. Na baba akainamisha uso kwa haya, akaenda dirishani kuchukua karatasi yake. Lakini katika watu wote wale, akiwamo na mwandishi wa safu hii, hapana hata mmoja aliyemwambia karani neno.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kimebeba jambo kubwa. Siku hizi husikika mabarazani, maharusini na hata misikitini malalamiko ya kwamba watoto wamekuwa wakiwaita wazazi wao kwa majina, na kwamba heshima ya nyumba imekwisha. Malalamiko hayo si ya bure. Hata hivyo, yafaa tujiulize kama lawama tunaipeleka mahali pake, au kama tunamlaumu mtoto kwa neno ambalo sisi wenyewe tumemtia mdomoni.

Mtoto hazaliwi na maneno. Neno hulisikia kwanza, kisha ndipo akalitamka. Akisikia kila siku kwamba yule mwanamke anayemlisha na kumkosha anaitwa kwa jina lake na mama yake, na dada zake, na mumewe, na jirani anayepiga hodi, basi na yeye atamwita hivyo hivyo, kwani kwake yeye jina hilo ndilo lenye maana ya mama. Huyo hajaivunja heshima. Bado hajafundishwa ilipo.

Hali hii haikuanza jana. Katika nyumba zetu za ukoo, mtoto wa kwanza aliyezaliwa na mama kijana na kulelewa mapajani mwa bibi yake, mara nyingi humwita bibi "mama", na mama yake mzazi akamwita kwa jina, au akamwita "dada" kama anavyowasikia mama zake wadogo. Wako watu wazima, wenye vyeo na familia zao, ambao mpaka leo huwaita mama zao hivyo, wala hapana mtu aliyewahi kuwahesabu kuwa ni watovu wa adabu. Sababu ni kwamba pamoja na jina hilo imo shikamoo ya asubuhi, imo mikono miwili ya kupokea, umo mzigo unaopokelewa mlangoni kabla mama hajauomba, na imo sauti inayoshushwa anapozungumza. Jina peke yake, basi, si kipimo cha mwisho cha heshima. Lakini ni mlango wake, na wazee wetu waliufahamu mlango huo vizuri wakauwekea mlinzi.

Mlinzi huyo ni desturi ya kuwabadilisha wakubwa majina tangu siku ya uzazi. Mtoto akishapewa jina, mama yake huwa Mama Fulani na baba yake huwa Baba Fulani, si kwa majirani tu, bali hata baina ya mume na mke wenyewe. Mume anapotoka kazini huuliza, "Mama Fulani yuko wapi?" na mke humjibu mgeni, "Baba Fulani hajarudi." Wengine wetu tumekua mpaka kufikia umri wa kwenda skuli ndipo tukajua kwamba mama zetu wana majina mengine. Tukiutazama vizuri mtindo huu tutaona kwamba haukuwa wa mapambo. Watu wazima walikubali kuyaweka kando majina waliyopewa na wazazi wao, kwa ajili ya kumfundisha mtoto mdogo maneno mawili tu: mama na baba. Yaani mkubwa ndiye aliyeanza kujinyima, na mtoto akafuata.

Desturi hiyo ilikwenda mbali zaidi. Mwanamke ambaye mwanawe amepewa jina la mkwewe au la baba yake mzazi, mara nyingi huona haya kulitamka jina hilo kwa ukali, hata anapomgombeza mtoto. Humwita "babu" au "baba", na mtoto akakua akijua kwamba jina alilolibeba lina mwenyewe. Hali kadhalika, katika visiwa vyetu mtoto huandikwa kwa majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Kila anapofungua daftari jipya huliandika jina la baba yake kwa mkono wake, na kila mwalimu anapomwita kwa ukamilifu, baba naye hutajwa. Kwa hiyo jina la mzazi si siri wala si mwiko. Mtoto analijua, analiandika na analibeba mpaka kufa kwake. Linalotakiwa ni alitunze, asilitumie kumwitia mwenyewe.

Na kwa kuwa wengi wa wakaazi wa visiwa hivi ni Waislamu, inafaa kukumbusha kuwa jambo hili lina mizizi ya zamani. Imepokewa katika Al-Adab al-Mufrad, kitabu cha Imamu Bukhari kinachohusu adabu, kwamba Abu Huraira aliwaona watu wawili, akamuuliza mmoja wao kuhusu mwenziwe, naye akajibu kuwa ni baba yake. Abu Huraira akamuusia mambo matatu: asimwite kwa jina lake, asitangulie mbele yake katika kutembea, wala asikae kabla yake. Na katika Sura ya Maryam, aya ya 42 mpaka ya 45, tunaelezwa jinsi Nabii Ibrahim alivyopingana na baba yake katika jambo zito kuliko yote, nalo ni ibada. Katika aya nne hizo, mara nne alimwita "Ewe baba yangu". Hakukubaliana naye hata kidogo, lakini ubaba wake hakumvua.

Mfano huo unatupeleka kwenye jeraha ambalo tunaona tabu kulitaja. Wapo watoto miongoni mwetu wanaowaita baba zao kwa majina, si kwa kuwa hawajui neno baba, bali kwa kuwa baba huyo hawajamwona. Ndoa imevunjika, mama amerudi kwao na watoto, na baba ameoa kwengine. Mwezi unakuja na kuondoka, posho haionekani. Sikukuu inaingia, nguo haziletwi. Ndani ya nyumba hiyo jina la baba hutajwa kwa kejeli tu na mjomba, na bibi, na mama mwenyewe. Mtoto anapomtaja kwa jina lake tupu, hasemi utovu wa adabu. Anaeleza hali ya mambo kama ilivyo.

Kwa mtoto kama huyu fimbo haifai kitu. Anayehitaji kukumbushwa hapo ni baba, kwani neno hilo ni deni la pande mbili. Anayeitwa baba amekubali kulisha, kuvisha, kuuguza na kuulizia habari za skuli. Anayetaka kuitwa hivyo na mwanawe na ayabebe yaliyomo ndani ya neno hilo. Na kwa upande wa pili, jamaa wa mama nao wanapaswa kuzuia ndimi zao. Mume aliyeachana na binti yao si mkwe wao tena, lakini bado ni baba wa wajukuu wao. Wakimfundisha mtoto kumdharau mzazi mmoja, wasishangae siku atakapomdharau na wa pili.

Pamoja na hayo, mambo ya malezi yamebadilika, nasi hatuwezi kujifanya hatuoni. Vijana wengi wanaooana huhamia katika nyumba yao peke yao, mbali na bibi na shangazi ambao zamani wangemsahihisha mtoto papo hapo. Mume na mke huitana kwa majina kwa mapenzi yao, wala hatuwalaumu kwa hilo. Simu ya mkononi ikilia, mtoto hulisoma jina la mama yake kwenye kioo na kulitangaza ukumbini. Watoto wa Nungwi na wa Jambiani huwasikia pwani watoto wa wageni wakiwaita wazazi wao kwa majina, na baadhi ya wazazi wetu nao husema kwamba wanataka kuwa marafiki wa watoto wao.

Juu ya hilo tuseme kwa uadilifu. Si kweli kwamba kila mtoto wa ugenini anayemwita mzazi wake kwa jina anamdharau. Kila watu wana alama zao za heshima, na pengine mtoto huyo huionesha heshima yake kwa njia tusiyoifahamu. Wala si vibaya mzazi kuwa rafiki wa mwanawe, kumsikiliza na kucheka naye. Lakini rafiki mtoto anaweza kumpata skuli, mtaani na kazini, na atawapata wengi. Jina la mzazi linaweza kutamkwa na mtu yeyote: mwenye duka, karani, hata adui. Wanaoweza kumwita mtu "mama" kwa haki kamili ni wachache mno katika dunia nzima. Mzazi anayesema "niite jina langu tu" hajamzidishia mwanawe ukaribu. Amempa kile ambacho kila mtu anacho, na amemnyima kile ambacho ni chake peke yake.

Tukija kwa wenzetu wenye dhamana ya utumishi wa umma, wao pia wamo katika mas-ala haya. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika mwaka 1999, umemwekea mtoto, katika kifungu cha 31, wajibu wa kuwaheshimu wazazi, wakubwa na wazee wake wakati wote, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Mkataba huo huo, katika kifungu cha 20, umewataka wazazi watie adabu nyumbani kwa utu na kwa namna isiyovunja hadhi ya mtoto. Vifungu hivi viwili vinakwenda pamoja. Mtoto na aheshimu, na aonapo mfano wa heshima ajifunze.

Na mfano huo mtoto hauoni nyumbani tu. Huuona pia dirishani mwa afisi, hospitali, bandarini na katika gari ya abiria. Serikali ya Zanzibar ilifanya jambo la kupongezwa mwezi wa Aprili 2016 ilipoanzisha pensheni jamii kwa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuuliza kama aliwahi kuajiriwa au la. Huo ni utambuzi kwamba mzee ana haki juu ya jamii aliyoilea. Basi heshima iliyotolewa kwa fedha na ikamilishwe kwa ulimi, ambao haugharimu kitu. Hapana anayeiomba afisi iandike "Baba Fulani" katika daftari. Daftari linataka majina matatu, nayo na yaandikwe. Linaloombwa ni kwamba anapoitwa mtu mzima, neno moja litangulie: mzee, bibi, bwana, maalim. Viongozi wetu wenyewe tumewaita hivyo. Marehemu Abeid Amani Karume tulimwita Mzee Karume, na Marehemu Julius Nyerere tulimwita Mwalimu, wala cheo chochote walichokuwa nacho hakikupunguzwa na maneno hayo.

Kwa hivyo, tunatoa wito kwa wazazi vijana warudishe desturi ya kuitana Mama Fulani na Baba Fulani mbele ya watoto, japo kwa miaka ile michache ambayo mtoto anajifunza kusema. Tunawaomba walimu wa skuli na wa vyuo, na masheha katika shehia zao, walikumbushe jambo hili kwa upole, bila ya kumtia mtoto aibu mbele za watu. Na tunawaomba wakuu wa afisi wawaelekeze makarani wao. Heshima si utumwa, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Ama bwana yule wa kanzu, alipomaliza shughuli yake alimshika mwanawe mkono, akachutama mbele yake pale mlangoni, akamwambia taratibu: "Mimi wewe uniite baba. Hilo jina waachie wao." Mtoto akaitikia, "Ndiyo, baba," wakaondoka. Somo lilikuwa limekwisha kwa dakika moja. Lililobaki ni la sisi tuliokuwa tumekaa vitini tukinyamaza.