Nilivyofunzwa Kuvua kwa Unyoya

Ndugu msomaji, walionisikiliza redioni wiki hii watakumbuka kwamba nilianza mazungumzo yangu kwa kuungama. Mimi ni mtu wa Kigoma. Kwetu ni Kidahwe, pale barabara itokayo mjini inapogawanyika, moja ikaenda Kasulu na nyingine Uvinza. Nimekula dagaa na migebuka tangu sijaota meno ya pili. Lakini mpaka nimefikia umri wa kuitwa mzee kazini, sikuwa nimewahi kuvua samaki hata mmoja kwa mkono wangu. Watu wa Dar es Salaam wakisikia unatoka Kigoma hudhani ulizaliwa ndani ya mtumbwi. Nami nilikuwa nikiwaacha wadhani hivyo.

Siri hiyo ilifichuka mwaka 2024. Mgeni mmoja niliyefahamiana naye, alipokuwa akirudi kwao Ulaya, aliniachia zawadi. Ilikuwa ufito mrefu mwembamba, unaokunjuka vipande vinne, wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, na kikopo kidogo kilichojaa vijidudu. Nilipokifungua kikopo nikaona kumbe si vijidudu. Ni ndoana ndogo ndogo zilizofungwa manyoya ya ndege na nyuzi za rangi, zikafanana na nzi, panzi na visamaki. "Wewe ni mtu wa ziwani," akaniambia, "utajua la kufanya." Nikacheka, nikashukuru, nikaenda nyumbani na mzigo wa aibu.

Uvuvi huu si jambo la jana. Aelianus, mwandishi wa Kirumi aliyeishi yapata miaka 1,800 iliyopita, aliandika juu ya watu wa Makedonia waliokuwa wakifunga sufi nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili kuwahadaa samaki wa mtoni. Huku kwetu Afrika Mashariki uliletwa na walowezi wa Kiingereza. Mwaka 1905 samaki aitwaye trauti alitolewa Uskoti akapandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya, ili mabwana wapate mchezo waliouzoea kwao. Trauti anataka maji ya baridi, kwa hiyo Tanganyika, ziwa la maji ya uvuguvugu, hayumo.

Sasa, tofauti ya uvuvi huu na ule wa kawaida ni ipi? Katika mshipi tunaoujua, uzito uko mwishoni. Unafunga chubwi na chambo, unazungusha, unarusha, na ule uzito unauvuta mshipi nyuma yake, kama jiwe lililofungwa kamba. Lakini unyoya hauna uzito. Jaribu kurusha unyoya wa kuku uone utafika wapi. Kwa hiyo waliobuni uvuvi huu waligeuza mambo: wakaufanya mshipi wenyewe kuwa mnene na mzito, ili mshipi ndio urushwe, na unyoya ufuate tu kama abiria. Mwishoni kabisa hufungwa uzi mwembamba usioonekana majini, na kwenye uzi huo ndipo hukaa ile ndoana ya manyoya.

Kusema hivyo ni rahisi. Kutenda ni kitu kingine.

Mwezi wa Septemba nilipokwenda likizo Kidahwe nilikwenda na ufito wangu. Nyumbani nilimkuta baba yangu mdogo, mzee ambaye ujanani alivua Ujiji kabla hajarudi kwenye mihogo na michikichi yake. Nilimpigia shikamoo, tukala, kisha nikamwonyesha ile zawadi. Aliupinda ufito taratibu, akausikiliza kama fundi anayepima ubao. Kisha akafungua kikopo. Alichukua ndoana moja yenye manyoya meupe na uzi wa fedha, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii si nzi," akasema. "Hii ni dagaa."

Akanieleza kwamba zamani zao nao walifunga unyoya mweupe kwenye ndoana, wakashusha mshipi wa ndoana nyingi bila chambo chochote, wakawa wanaupandisha na kuushusha kwa mkono. Mgebuka ni samaki anayekimbiza dagaa. Akiona kitu cheupe kinachoruka na kumetameta, hafanyi uchunguzi. "Mzungu wako," akasema, "amekuletea ujanja wa nyumbani kwenu, ila ameuwekea gurudumu."

Nikasema, basi kesho twende ziwani. Mzee akakataa. Akachukua ungo, akauweka uani hatua kumi na tano kutoka niliposimama. "Utakapoweza kuuweka unyoya ndani ya ungo huu mara tano mfululizo, tutakwenda. Samaki si mwalimu wa mtu asiyejua kurusha."

Ndugu msomaji, nilikuwa kichekesho cha Kidahwe kwa siku nne. Hebu fikiria mtu mzima, mwenye miwani, anavua samaki kwenye udongo mkavu, mbali na ziwa, huku kuku wakimkimbia na watoto wamejipanga kwenye ua wakihesabu makosa yake. Siku ya kwanza nilivua shati langu mwenyewe, mgongoni. Siku ya pili nilivua mti wa mpera.

Kosa langu lilikuwa ni lile la wanafunzi wote wa kazi hii: haraka na nguvu. Mrusho una sehemu mbili. Kwanza unaupeleka mshipi nyuma yako, kisha unauleta mbele. Kati ya hizo mbili pana kituo kidogo, cha kungoja mshipi ujinyooshe wote kule nyuma. Ukiuleta mbele kabla haujanyooka, unalia kama mjeledi na uzi unakatika. Ukichelewa, unaanguka chini. Mkono nao usisafiri mbali. Mtu akikutazama kutoka ubavuni, ufito uishie nyuma pale mshale wa saa unapoelekea saa saba, na mbele pale unapoelekea saa nne. Yaliyobaki hufanywa na ufito wenyewe, kwa kupinda na kujinyoosha.

Mzee hakuyajua hayo kwa kuyasoma. Aliutazama mshipi siku nzima, akasema, "Unamkatiza maneno. Mwache amalize kusema nyuma, ndipo umjibu mbele." Tangu aliposema hivyo nikaanza kuupata ungo.

Siku ya tano tuliteremka Katonga, tukakamilisha habari ya leseni, tukaazima mtumbwi na kasia mbili. Mbalamwezi ilikuwa imekomaa, na wavuvi wengi wa dagaa walikuwa wamepumzika. Wao huvua usiku kwa kuwavuta dagaa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haiwavuti tena, kwa kuwa ziwa zima lina mwanga. Hivyo ufuko ulikuwa umetulia na nyavu zimeanikwa.

Tukiwa tunapiga kasia mzee akaanza somo la pili, la kulisoma ziwa. Mahali ndege wanapozama-zama, chini yao pana visamaki, na chini ya visamaki pana wanaovila. Maji yakibadilika rangi kutoka kijani hadi buluu nzito, hapo chini pameporomoka. Mwanzo wa mwamba na mwisho wa mchanga ndipo mlangoni pa samaki. Mgeni hutupa unyoya katikati ya maji mapana, kwa kuwa anadhani penye maji mengi ndipo penye samaki wengi.

Na hapa, msomaji, niruhusu nieleze jambo ambalo hata sisi wa Kigoma hatulijui vizuri. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na ziwa moja tu, Baikal la Urusi. Lakini samaki hawaishi katika kina chote hicho. Hewa ya oksijeni inapatikana katika tabaka la juu tu, la mita 100 hadi 200 hivi. Chini ya hapo ni maji yasiyoweza kumweka samaki hai. Tena, chakula kinachoanza kuwalisha wote hutegemea rutuba inayopandishwa kutoka chini pale upepo wa kusini-mashariki unapoyakoroga maji wakati wa kiangazi. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi ulioonyesha kwamba ziwa limepata joto, maji hayachanganyiki kama zamani, na chakula hicho kimepungua. Kwa hiyo tuna nyumba kubwa sana yenye ghala dogo, na ghala lenyewe linapungua.

Turudi mtumbwini. Nilirusha mara nyingi bure. Kisha karibu na mwamba mmoja, unyoya ulipokuwa unazama, mshipi ukasimama ghafla. Nikafanya kama nilivyofundishwa: sikuupiga ufito juu kwa hofu, niliuvuta mshipi kwa mkono wa kushoto mpaka nikahisi uzito, ndipo nikainua. Ufito ukapinda kama upinde. Sitaki kuongeza chumvi; nitasema tu kwamba mikono ilitetemeka na nikamwita mzee kwa jina ambalo mtoto hapaswi kumwita baba yake mdogo.

Alikuwa ni kuhe, wa manjano mwenye mabaka meusi ubavuni, mrefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Wasiomjua, kuhe ni samaki wa Tanganyika peke yake, na katika jamaa yake ya sato na perege ni miongoni mwa walio wakubwa kabisa. Tayari nilikuwa namwona kwenye sufuria, na nazi juu.

Mzee hakunipongeza. Alikuwa anatazama chini, upande ule samaki alikotoka. Maji ya pale ni maangavu, unaona mpaka mchangani. "Angalia," akasema. Nikaona kitu kama kivuli cha moshi kinachotembea. Walikuwa ni vitoto vya samaki, maelfu kwa maelfu, na kando yao kuhe wa pili, anazunguka huku na huko.

"Huyo ni mwenziwe. Wanalea wawili. Ukimchukua huyu, yule hawezi peke yake kuwazuia wanaokuja kula. Unaondoka na samaki mmoja, nyuma yako wanakwisha wote."

Nilibisha. Nilisema nimesafiri kutoka Dar es Salaam, nimefanywa kichekesho siku nne, na huyu ndiye samaki wangu wa kwanza. Mzee akanijibu kwa sauti ndogo, "Mwanangu, wavu hauulizi. Ndoana inakuuliza. Sasa imekuuliza, jibu."

Alinionyesha namna ya kumrudisha. Unalowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu humchubua utelezi unaomkinga na maradhi. Humtoi nje ya maji. Unaishika ndoana kwa koleo ndogo na kuirudisha kinyume cha ilivyoingia, na ukiwa umeibana ile miba yake tangu mwanzo, inatoka bila kuchana. Kisha unamshika kwa upole, kichwa kikielekea mbele, mpaka mwenyewe apige mkia. Alipiga, akanirushia maji usoni, akaenda moja kwa moja kwa watoto wake.

Jioni tulirudi na migebuka miwili, ya kutosha mboga.

Najua nitaulizwa: je, watu wa Kigoma wataishi kwa kurusha unyoya mmoja mmoja? La hasha. Maelfu ya nyumba zinakula na kusomesha kwa dagaa wa nyavu, na mzee mwenyewe alinionya nisije mjini kuwahubiria wavuvi. Mwaka huohuo ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na wengi walipata shida kweli. Nisingependa mtu aliyeshiba awafundishe wenye njaa.

Lakini kuna nyavu na nyavu. Kuna kokoro, ambalo kanuni zetu za uvuvi zinalikataza, linalokokotwa mchangani na kubomoa makazi ya samaki. Kuna chandarua cha mbu kinachokokota ule moshi niliouona, maelfu yale yote, na kuyafanya fungu moja la kuanika. Vile vitoto havifiki mezani bila mnunuzi. Na mnunuzi, ndugu msomaji wa mjini, ni mimi na wewe, tunaposimama sokoni na kuchagua fungu kwa kuwa ni rahisi, bila kutazama kama ni dagaa waliokomaa au ni watoto wa kuhe na sangala waliochanganywa humo.

Safari nyingine ukienda sokoni, litawanye fungu kwa kidole ulitazame. Mwulize muuzaji. Akikuona msumbufu, mwambie umetumwa na mzee mmoja wa Kidahwe.

Tukijaliwa, tutakutana tena wiki ijayo.