DSLR imegoma kufokasi? Kagua haya kabla ya kwenda kwa fundi

Bibi harusi anaingia ukumbini, mpiga picha anabonyeza, lenzi inahangaika mbele na nyuma bila kushika. Tukio hilo halirudiwi. Habari njema: mara nyingi kamera ni nzima.

Swichi. Angalia ubavuni mwa lenzi. Iko AF au MF? Ikisogezwa bahati mbaya ndani ya begi kwenda MF, otofokasi imezimwa.

Umbali. Kila lenzi ina mwisho wa kusogelea. Ukipita hapo haishiki. Rudi nyuma hatua moja.

Mwanga. Otofokasi hutafuta tofauti ya mwanga na kivuli. Ukilenga gauni jeupe tupu au suti nyeusi gizani, haioni kitu. Chagua pointi ya katikati, kisha lenga jicho au ukingo wa nguo.

Uchafu. Zima kamera, toa lenzi, futa vile vidoti vya chuma kwa kitambaa laini kikavu.

Bado? Weka kamera kwenye stendi, piga kitu kilekile mara mbili: kwanza ukichungulia tunduni, kisha kwa Live View. Ya Live View ikitoka safi na ya kwanza ina ukungu, basi sensa ya fokasi iliyo chini ya kamera, nyuma ya kioo, haijalingana na lenzi. Baadhi ya kamera zinarekebishika kwenye menyu: Canon huiita AF Microadjustment, Nikon AF Fine Tune.

Zote mbili zina ukungu? Jaribu lenzi nyingine. Ikishika, mpelekee fundi lenzi, si kamera.