Hakuna Kemikali Moja ya Hofu

Panya akimwona paka kwa mbali na hana pa kutorokea, huganda. Hatikisiki ila kwa pumzi, na mara nyingi mapigo ya moyo wake hupungua. Akipata upenyo, hutimka. Paka akimfikia na kumbana pembeni, humgeukia na kumrukia kwa meno. Hatari ni ileile, ila umbali na njia ya kutokea ndivyo vinavyoamua atafanya nini.

Watu wengi hudhani yote hayo ni kazi ya adrenalini. Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi homoni hiyo inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo inavyouandaa mwili kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio na sukari huongezeka kwenye damu. Hata hivyo, adrenalini iliyo kwenye damu haipenyi kirahisi kuingia ubongoni. Huutia mwili nguvu, lakini amri ya kujihami hutolewa kwingine.

Sehemu kubwa ya amri hiyo hupitia amigdala, vifundo viwili vya seli vilivyo ndani ya ubongo, kimoja kila upande. Habari za sauti na harufu huletwa huko na kemikali iitwayo glutameti, ambayo huziamsha seli za neva. Kemikali nyingine, gaba, huzituliza. Dawa ya diazepamu hupunguza wasiwasi kwa kuiongezea gaba nguvu.

Mtu angetarajia basi kwamba gaba huondoa hofu kila mahali. Sivyo. Kwenye shina la ubongo kuna seli zinazoweza kuugandisha mwili, na muda wote zimezuiwa na seli jirani zinazotoa gaba. Hatari ikitokea, amigdala hutuma gaba yake kwa hao wazuiaji. Breki yenyewe inapofungwa breki, seli za kugandisha huachiwa, na panya huganda. Kemikali ileile inayotuliza hapa, pale huamsha hali ya kujihami. Lililo muhimu ni mahali inapomwagwa na seli inayoipokea.

Ubongo wenye hofu hutoa pia kemikali za jamii ya afyuni zinazopunguza maumivu, ili mnyama aliyejeruhiwa ajiokoe kwanza.

Je, hofu hufutika? Panya akizoeshwa kwamba mlio fulani hufuatwa na shoti ya umeme, huganda kila anapousikia. Mlio ukirudiwa mara nyingi bila shoti, hutulia. Lakini mwaka 1992 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya vipokezi vya glutameti katika amigdala, vinavyohusika na kujifunza, vikizibwa, utulivu wa namna hiyo haupatikani. Maana yake ni kwamba kutulia nako ni kujifunza. Kumbukumbu ya zamani haifutwi, hupata mpinzani tu. Ndiyo sababu panya akihamishiwa mahali pengine, mlio uleule unaweza kumrudishia hofu.

Kwa mfugaji mwenye mbwa au punda mwoga, hili ni somo kubwa. Kumchapa ili azoee ni kuipa amigdala ushahidi zaidi kwamba hatari ipo. Mpe nafasi ya kusogea mbali, mwonyeshe kidogo kidogo kile anachokiogopa pasipo maumivu, na urudie hivyo mahali tofauti tofauti. Ubongo wake unahitaji muda wa kujifunza usalama, kama ulivyojifunza hatari.