Nyumba Moja, Wapangaji Wanne, Deni la Nani?

Jioni moja ya mwezi wa Machi, mpwa wangu asomaye mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Dar es Salaam alinijia na karatasi iliyochanwa katika daftari, imekunjwa mara nne hata maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika, nayo ndiyo iliyokuwa mkataba wa nyumba aliyokaa na wenziwe watatu huko Changanyikeni. Kodi ilikuwa shilingi 400,000 kwa mwezi, ikilipwa miezi sita mbele kama ilivyo ada ya mji huu. Lakini miezi sita ya pili ilipowadia, mmoja wao alikwisha kuahirisha masomo na kurejea kwao, na wa pili alikuwa angali akingojea bumu, zile fedha za kujikimu za mkopo wa serikali. Mama mwenye nyumba, baada ya kuitikia shikamoo kwa upole, alimwambia, "Mwanangu, mimi sikupangisha vitanda, nilipangisha nyumba. Milioni mbili na laki nne zangu nazitaka, na katika nyinyi wanne wewe ndiye ninayekuona."

Kijana alijiona amedhulumiwa, kwani laki sita zake alikuwa nazo mfukoni, zimefungwa kwa mpira. Nilimwonea huruma; hata hivyo, nilipozisoma sahihi nne zilizopangana chini ya neno "wapangaji", ilinibidi nimwambie kwamba mama yule, ambaye nyumba hiyo ndiyo kiinua mgongo chake, hakudai isipokuwa haki yake.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kuifuata ile ya India ya mwaka 1872, inasema kwamba watu wawili au zaidi wakitoa ahadi kwa pamoja, basi, madhali hawakupatana vinginevyo, aliyeahidiwa aweza kumlazimisha yeyote miongoni mwao aitimize ahadi yote. Aliyesoma fiqhi ya Kiislamu huenda akastaajabu, kwa kuwa huko asili ya deni la ushirika ni kila mtu kudaiwa fungu lake, mpaka ajifunge mwenyewe kumdhamini mwenziwe. Hata hivyo sheria haikumtupa mlipaji: akiisha kulipa, ana haki ya kuwadai wenziwe mafungu yao sawasawa, na mmoja wao akishindwa kabisa, hasara yake huwaenea waliosalia. Kwa hesabu ya nyumba ile, laki sita za aliyeondoka zikikosekana, kila mmoja wa watatu hubeba laki mbili zaidi, na fungu lake huwa laki nane.

Ilivyoandikwa hati ndivyo dhima inavyokuwa. Akitia sahihi mmoja peke yake, yeye ndiye mpangaji mbele ya mwenye nyumba, na wenziwe wanadaiwa naye kwa mapatano yao ya ndani, ambayo aghalabu hayakuandikwa popote. Na kila mmoja akiandikiwa chumba chake na kodi yake, basi kosa la jirani halimfikii. Tofauti hizi kubwa hukaa katika maneno machache ambayo vijana, wamechoka kuzunguka na dalali juani, huyatilia sahihi wakiwa wamesimama mlangoni.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Waislamu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya al-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi, na wazazi wao zaidi, wasione haya kuandikiana, hata baina ya marafiki wa damu: nani atalipa kiasi gani, tarehe ipi, na atakayeondoka kabla ya muda ataacha nini.

Mpwa wangu na mwenziwe mmoja walilipa kwa mikopo ya jamaa, na urafiki wa wanne ukavunjika. Mwezi wa Oktoba alihamia Msewe na wenzi wawili. Mwenye nyumba, mzee makini, alikubali kuandika kila chumba na mpangaji wake, ila akataka amana ya mwezi mmoja kwa kila mtu, nao wakaitoa. Na siku ile alikata stakabadhi tatu.