Tumbili Aliyezima Taa za Nchi Nzima

Siku ya Jumanne, tarehe 7 Juni 2016, kabla ya saa sita mchana, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, katika mto Tana. Kutoka paani aliangukia transfoma, nayo ikazimika. Mitambo mingine ya kituo hicho ikalemewa na mzigo, ikazimika pia, na zaidi ya megawati 180 zikapotea. Punde si punde karibu Kenya yote haikuwa na umeme, na hali hiyo ilidumu zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alisalimika, akakabidhiwa watunzaji wa wanyama wa porini.

Watu wengi walicheka waliposikia habari hizo. Lakini yafaa kufikiri pia, kwa maana zinaonyesha jinsi maisha ya mkulima wa Meru, ya karani wa Kisumu na ya mwenye duka wa Mombasa yalivyofungwa pamoja kwa waya.

Kwa Nini Mmoja Huangusha Wengi

Umeme wa waya hauwekwi ghalani kama mahindi. Ule unaowasha taa sasa hivi hutengenezwa sasa hivi, kwa maji ya Tana, kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, au kwa upepo wa karibu na Ziwa Turkana. Kila dakika, kiasi kinachotengenezwa lazima kilingane na kiasi kinachotumiwa. Mfano wake ni watu kumi waliobeba gogo zito mabegani. Wawili wakiliacha ghafula, uzito wote huwaangukia wale wanane. Na wakiona hawauwezi, nao huliacha wasije wakavunjika migongo. Mitambo nayo ina vifaa vya kuizima kabla haijaharibika. Hivyo mmoja ukianguka, mingine yaweza kufuata.

Hapo zamani kila mji ulikuwa na mitambo yake midogo, na giza la Mombasa halikuifikia Nairobi. Baadaye vituo vikubwa vilijengwa katika mto Tana, kuanzia Kindaruma mwaka 1968, na nyaya zikaunganisha miji na mashamba. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa kituo kimoja kikipungukiwa, kingine humsaidia mtumiaji. Lakini wanaoshirikiana katika neema hushirikiana katika shida pia.

Hasara Isiyoonekana Gizani

Mtu akisema umeme umepotea, wengi hufikiria taa tu. Kwa kweli taa ndiyo hasara ndogo, maana koroboi au mshumaa waweza kushika zamu. Hasara kubwa huwapata wale ambao kazi yao haingoji.

Tuseme maziwa. Yakamuliwapo huwa na joto la mwili wa ng'ombe, nayo hupaswa kupozwa upesi hadi kufikia kama nyuzi 4 za sentigredi. Tangi la chama cha ushirika likikosa umeme kwa muda mrefu, vijidudu huzaana, maziwa huchacha, na mnunuzi huyakataa. Mkulima aliyeamka alfajiri kukamua hupoteza malipo bila kufanya kosa lolote.

Majani ya chai nayo ni vivyo hivyo. Baada ya kuchumwa hunyaushwa kwa upepo wa feni, kisha husagwa na kukaushwa. Yakirundikwa bila hewa hupata joto na kuharibika. Ndiyo sababu baadhi ya viwanda vya chai vya wakulima wadogo vimejenga mitambo yao midogo katika mito iliyo karibu.

Mfugaji wa kuku huhitaji joto la nyuzi 37 na nusu hivi kwa siku 21, mpaka vifaranga watoke. Katika zahanati, dawa nyingi za chanjo za watoto hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Hapo friji ikizimika bila mtu kuangalia, hasara si ya fedha; ni ya kinga ya mtoto.

Akiba Isiyojaribiwa Si Akiba

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani tena. Hata katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta ya akiba ya baadhi ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka, na wasafiri wakakaa gizani. Funzo lake ni wazi: jenereta iliyonunuliwa na kuachwa pembeni bila kujaribiwa ni mapambo tu.

Basi mwenye nyumba na mwenye shamba wafanye nini? Kwanza, maji yanayopandishwa kwa pampu yawekwe katika tangi yakiwapo, wala yasingojewe siku ya shida. Pili, umeme ukipotea, friji isifunguliwe ovyo. Ikifungwa vizuri huhifadhi baridi kwa saa nne hivi. Tatu, vyombo vizimwe, kwa sababu umeme unaporudi waweza kuja na nguvu ya kuviunguza. Nne, jenereta isiwashwe ndani ya nyumba kamwe, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Tano, isiunganishwe na nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia iliyowekwa na fundi mwenye ujuzi. Umeme wake waweza kurudi hadi njiani na kumwua fundi aliyepanda mlingotini akidhani waya umekufa.

Chama cha maziwa nacho kiulize mapema: jenereta ni ya nani, mafuta yako wapi, na nani ataiwasha usiku? Wanachama wakipata majibu hayo katika mkutano, hawatayatafuta maziwa yakiwa yamekwisha kuchacha.

Umeme ni mtumishi mwema, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini wazee walionya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Koroboi isafishwe, tangi lijazwe, na jenereta ijaribiwe kila mwezi.